Tarehe 14: siku ya bei ya mafuta

Saa kumi na moja alfajiri. Kwa mwandishi wa biashara wa televisheni hapa Nairobi, tarehe 14 ya kila mwezi ina shughuli zake. Jioni EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, itatangaza bei za juu kabisa zinazoruhusiwa za petroli, dizeli na mafuta taa, na saa sita usiku zitaanza kutumika. Kabla ya chai nishatazama bei ya pipa la mafuta ghafi na jinsi shilingi ilivyolala dhidi ya dola.

Saa mbili unusu, mkutano wa wahariri. Siasa imeshajaza nusu ya taarifa. Naomba dakika mbili na nusu, napewa mbili. Natosheka nazo.

Saa nne. Soko la Hisa limefunguliwa, nanakili bei chache na kuwapigia wachumi simu. Wengi watapokea baada ya bei kutoka.

Saa tano, mtaani Kawangware, mimi na mpiga picha. Kwenye pampu ya mafuta taa kuna mama mwenye chupa ya soda ya nusu lita. Namwamkia, namuuliza huwa ananunua lita ngapi kwa wiki.

“Mwanangu, mimi sinunui lita. Nanunua ya hamsini.”

Anaweka kidole kwenye chupa kunionyesha mafuta ya shilingi hamsini yalikuwa yakifika wapi zamani, kisha anakishusha. Mpiga picha anakisogelea kidole kile. Habari yangu ya leo iko pale. Septemba 2023 mafuta taa Nairobi yalipanda kwa shilingi 33.13 kwa lita hadi 202.61, na sisi tukasoma tarakimu hizo kama zilivyo. Kwa mnunuzi wa hamsini, maana yake ilikuwa chini ya robo lita, kutoka karibu mililita 295. Naamini tulipaswa kusema hivyo tangu siku ile.

Saa nane, naandika. Bei ya pampu ina tabaka: gharama ya kuagiza kwa dola, usafirishaji, faida ya wauzaji, kisha kodi. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwa mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Tozo ya matengenezo ya barabara ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita ya petroli na dizeli Julai 2024. Mtazamaji akizijua tabaka hizi, anajua pia amuulize nani swali gani. Ndiyo maana nazipigania kila mwezi hata dakika zikiwa mbili tu.

Saa kumi na moja, chumba cha uhariri. Tangazo bado, kwa hiyo naingiza sauti mara mbili: moja inasema bei imepanda, nyingine imeshuka. Sehemu ya tarakimu tunaiacha wazi.

Saa moja usiku taarifa inaanza, EPRA kimya. Habari ya tatu ikiwa hewani, simu inatetemeka. Natafuta tofauti kati ya bei mpya na ya mwezi uliopita, narudia hesabu, namsomea mhariri tarakimu moja moja naye anazirudia kwa sauti. Tarakimu ikikosewa hapa, kesho abiria atatozwa nauli kwa kosa letu. Kisha naingia studio. Nasoma bei ya Nairobi, ya Mombasa ambayo huwa nafuu kidogo kwa kuwa meli hushusha huko, ya Kisumu. Halafu kidole cha yule mama kinajaza skrini, nami naeleza hamsini itafika wapi kuanzia usiku huu.

Saa nne usiku mtazamaji anapiga simu chumba cha habari. Yuko Mandera. “Mmesoma za huko kwenu. Huku je?” Nafungua orodha ya miji, nashuka hadi kwake. Bei ya Mandera huwa miongoni mwa zilizo juu kabisa nchini, maana lori linakwenda mbali mno kuifikia. Namsomea zote tatu polepole, anaandika. Kisha namwandikia mhariri wa asubuhi: saa kumi na mbili, tuanze na Mandera.