Nimeiona Casablanca jamani

Nimetoka kuimaliza sasa hivi. Ile filamu ya 1942, nyeusi na nyeupe, Bogart ndiye Rick mwenye baa na Bergman ndiye Ilsa. Nilikuwa naikwepa nikijua ni mapenzi ya kizungu na makoti marefu tu 😅

Sasa kuna sini maafisa wa Kijerumani wamelizingira piano kule baa wanaimba wimbo wao kwa nguvu, Laszlo, mume wa Ilsa anayewapinga Wajerumani, anashuka ngazi anaiambia bendi pigeni wimbo wa taifa wa Ufaransa, bendi inamtazama Rick kwanza, Rick anaitikia kwa kichwa kidogo tu hata neno hasemi, basi baa nzima inasimama inaimba mpaka Wajerumani wanafunikwa wanakaa.

Halafu kamera inamwendea Yvonne, dada aliyeachwa na Rick. Usiku huohuo kaingia baa na mwanajeshi wa Kijerumani, sasa anaimba machozi yanamtiririka.

Nikaingia gugo. Aliyemwigiza ni Madeleine Lebeau, Mfaransa kweli, aliikimbia nchi yake 1940 Wajerumani walipoingia, na siku anarekodi hiyo sini Ufaransa bado iko mikononi mwao. Wengi waliomzunguka pale nao wakimbizi wa kweli kutoka Ulaya.

Hapo mtu utasema anaigiza?? Nimeirudia hadi shemeji kanuna.

Kilichoniudhi, mji uko Moroko lakini Wamoroko wenyewe kazi yao kulinda mlango na kuuza vitambaa sokoni. Na yote imepigwa California, haya.

Mlioiona, mngekuwa Rick, mwishoni Ilsa mngemwacha apande ile ndege aondoke na mumewe wakati mnampenda? Shemeji anasema Rick kazingua, mimi nasema hapana, njooni mtuamue.