Escomb: kanisa lililoponea udogo wake

Leo nimefika Escomb, kijiji kidogo karibu na Bishop Auckland, kaskazini mwa Uingereza. Kanisa lake la parokia lilijengwa na Wasaksoni, watu waliotawala Uingereza enzi hizo baada ya Warumi, kati ya miaka ya 670 na 690 hivi, na mpaka sasa watu wanasali humo.

Nilianza kwa kulizunguka. Mawe yake ni makubwa mno kwa jengo dogo namna hii, maana mengi yaliletwa kutoka Binchester, ngome ya Warumi isiyo mbali na hapo. Mengine bado yana alama za patasi zilizopishana kama nyuzi za wavu. Kwenye ukuta wa kaskazini kuna jiwe lenye maandishi LEG VI, yaani Lejioni ya Sita, kikosi cha jeshi la Kirumi kilichoingia Britania mwaka 122. Maandishi yamekaa kichwa chini! Mwashi alitaka jiwe lililonyooka, basi. Sifa za jeshi hazikumhusu. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Ukutani upande wa kusini ipo saa ya jua, na juu yake amechongwa nyoka. Ina mistari mitatu tu, ya kugawa siku kwa ajili ya sala.

Ndani ni pembamba na parefu kwenda juu, na kutoka nyuma hadi mbele urefu wake ni karibu mara tatu ya upana. Madirisha ya Wasaksoni ni madogo, yako juu sana, lakini upande wa ndani yametanuliwa ili mwanga usambae. Mbele, kuelekea madhabahuni, limesimama tao jembamba ambalo wataalamu wengi wanaamini nalo lilitoka kwenye jengo la Kirumi. Kwangu mimi linashinda matao mengi ya makanisa makuu.

Kwingine parokia zilipopata fedha zilibomoa na kupanua. Hapa, kijijini padogo, karne ya 13 iliongeza madirisha machache yenye ncha, na sehemu kubwa ya jengo ikabaki ilivyo. Hatari ilikuja mwaka 1863, lilipojengwa kanisa jipya mlimani na hili la kale likaachwa lichakae. Nashukuru kwamba kati ya 1875 na 1880 watu walilikarabati. Lile jipya lilikuja kubomolewa karne iliyofuata.

Nikirudi, nitaanzia Binchester. Bafu la Warumi lingali pale, na nataka nione mawe ambayo Wasaksoni waliyaacha.