Kura Tatu Zilizofutwa, Mbili Zilizobaki

Jumapili ya tarehe 25 Oktoba 2015 niliingia katika chumba cha darasa cha skuli moja ya Ng'ambo, mjini Unguja, nikakabidhiwa karatasi tano za kura. Mbili zilikuwa za Tume ya Taifa ya Uchaguzi, moja ya kumchagua Rais wa Jamhuri ya Muungano na nyingine ya Mbunge, na tatu zilikuwa za Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, yaani za Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani. Nilizitumbukiza zote tano, nikapakwa wino kidole kimoja, nikarudi nyumbani. Siku tatu baadaye zile tatu zilifutwa na zile mbili zikabaki kuwa halali. Hadi leo sijampata mtu wa kunieleza, kwa hoja inayosimama, ni vipi chumba kile kilikuwa safi kwa karatasi mbili na kilichafuka kwa tatu.

Tangazo lilitoka Jumatano. Matokeo yalikuwa yakisomwa katika Hoteli ya Bwawani, Ukumbi wa Salama, na majimbo 31 kati ya 54 yalikwisha kutangazwa. Mwenyekiti wa Tume ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, hakutokea ukumbini walikokuwa wakimsubiri waandishi na mawakala wa vyama, bali alionekana kwenye televisheni ya ZBC akisoma kwamba uchaguzi wote umefutwa pamoja na matokeo yake. Mama yangu alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele. Aliuliza, "Wamefuta wa jimbo gani?" Nikamjibu kwamba wa majimbo yote, Unguja na Pemba. Aliuweka uteo chini akaniuliza tena swali lilelile, kana kwamba sikumsikia vizuri.

Swali lake lilikuwa na msingi. Mwaka 2000, vifaa vya kupigia kura vilipovurugika, uchaguzi ulirudiwa katika majimbo 16 ya Mjini Magharibi, na mama alikuwa miongoni mwa waliotakiwa kurudi kituoni. Uchaguzi ule nao uliacha makovu makubwa, kwani mwezi Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano na zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari wakakimbilia Shimoni, Kenya. Hata hivyo, kasoro ya majimbo fulani ilishughulikiwa katika majimbo hayo hayo, na kwa ufahamu wa mama hivyo ndivyo mambo yanavyofanyika.

Sababu alizozitaja Mwenyekiti mwaka 2015 zilikuwa nzito kuzisikia. Alisema kwamba wajumbe wa Tume walifikia hatua ya kutaka kupigana, kwamba mawakala wengine walifukuzwa vituoni, kwamba takwimu za fomu zilichezewa, na kwamba baadhi ya vituo vya Pemba vilikuwa na kura nyingi kuliko watu walioandikishwa. Ikiwa ni kweli kura zilizidi, fomu za vituo hivyo zipo, na kuzilinganisha na daftari ni kazi ya siku chache. Waangalizi wa Umoja wa Afrika, SADC, Jumuiya ya Madola na Umoja wa Ulaya, waliotembelea vituo hivyo hivyo, hawakuona jambo la kuuangusha uchaguzi mzima. Isitoshe, Katiba ya Zanzibar inataka uamuzi wa Tume uungwe mkono na wajumbe walio wengi, na sijaona kifungu kinachompa mwenyekiti peke yake uwezo wa kufuta uchaguzi.

Sitaficha kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, mgombea urais wa Zanzibar wa chama cha CUF, mpinzani mkuu wa CCM, alikosea alipojitangazia ushindi Jumatatu, kabla ya Tume kumaliza kazi yake. Lakini kosa la mgombea mmoja halipaswi kulipwa na watu zaidi ya laki tano walioandikishwa. (Mwaka 2020 Jecha mwenyewe alichukua fomu ya kuomba kuteuliwa na CCM kugombea urais wa Zanzibar. Ninalitaja kwa sababu lilituuma wengi.)

Hofu, kwa upande wake, haikuanza siku ya kura. Kwetu ilianza kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, eneo dogo kabisa la utawala. Ili uandikishwe kupiga kura unahitaji kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na ili ukipate unahitaji sheha akutambue kuwa ni mkaazi wa shehia yake. Binamu yangu, aliyezaliwa katika nyumba tunayoishi, alimwendea sheha mara nne. Mara ya kwanza aliambiwa arudi kesho, mara ya pili sheha hayupo, mara ya tatu alete shahidi, na mara ya nne, shahidi akiwa amesimama naye, aliambiwa kwamba muda umekwisha. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Aliikosa kura yake kwa kuambiwa kesho.

Baada ya kufutwa uchaguzi, hofu ilivaa sura nyingine. Watu waliofunika nyuso zao walizunguka mitaani usiku kwa magari, wakipiga watu na kuvunja baraza za vijana. Wananchi waliwaita mazombi. Siku mbili kabla ya marudio ya tarehe 20 Machi 2016, mwandishi wa habari Salma Said alitekwa na watu wasiojulikana alipofika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, akaja kuachiwa siku yenyewe ya kura. CUF walikwisha kutangaza kwamba hawatashiriki, lakini jina la Maalim Seif lilibaki kwenye karatasi. Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 91.4, mtu yule yule ambaye mwaka 2010 alimshinda Maalim Seif kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1.

Mimi sikwenda. Jirani yetu, mtumishi wa serikali aliyekaribia kustaafu, alinong'ona nami usiku wa kuamkia siku ile kwamba kazini kwao wameambiwa Jumatatu vidole vitaangaliwa. Mwezi Oktoba mzee huyu alikuwa wa kwanza kwenye foleni yetu, akiwa amevaa kanzu yake ya Idi. Safari hii alitoka peke yake, njia ikiwa tupu. Aliporudi alipita mbele ya baraza letu, mkono wa kushoto ameufumba, kidole chenye wino kikiwa ndani ya kiganja. Mama alimwitikia salamu, akamkaribisha kahawa, akamsogezea kikombe upande wa mkono wa kulia.