Ngoma ya ukumbini

Dada yangu ana cheo kidogo tu ubalozini, nchi gani sisemi maana atanigombeza. Juzi kaniambia walikuwa kwenye hafla, suti tupu, mpira uko kwenye TV, wenyeji wakafungwa goli na timu ya Afrika, yeye kakamata glasi yake ya juisi kwa mikono miwili asije akaruka. "We mdogo wangu, huku hata uso sio wangu, wa serikali."

Nikamkumbuka Salim Ahmed Salim.

Wengi tunamjua kama waziri mkuu, na ile miaka 12 ya ukatibu mkuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ila mi stori za ubalozini ndo naziona tamu. Mzanzibari, 1964 kapewa ubalozi wa Misri ana miaka 22, umri ambao mimi bado naomba nauli nyumbani, akaenda India, akaenda China, 1970 yuko New York Umoja wa Mataifa. Oktoba 25, 1971 ikapigwa kura China ya Beijing ichukue kiti walichokalia Taiwan, Marekani hawataki kabisa, ikapita 76 kwa 35, ukumbi ukalipuka na wajumbe wa Tanzania wakacheza mle mle ndani. Balozi wa Marekani siku hiyo nani? George H. W. Bush.

1981 Salim kagombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, anayetetea kiti ni Kurt Waldheim. Raundi ya kwanza Salim 11, Waldheim 10, lakini Marekani wakamwekea Salim veto, yaani kura moja ya kumzuia hata kama wengi wanamtaka, China nao wakamwekea Waldheim, ikarudiwa hivyo hivyo wiki na wiki, China peke yao veto 16! Na Bush huyo huyo sasa ni makamu wa rais. Watu husema ni ngoma ile tu ilimponza, mi siamini, Tanzania ya Nyerere ilivyokuwa inakomalia ukombozi wa kusini mwa Afrika wangemkataa hata angekaa kimya kama nguzo. Ngoma iliwapa sababu ya kununa tu.

Desemba Olara Otunnu wa Uganda, miaka 31, zamu yake kuongoza Baraza la Usalama, akawaomba wote wawili wakae pembeni, akapita Pérez de Cuéllar wa Peru.

Nimemtumia dada yote haya kwa voice note ya dakika saba. Kanijibu emoji ya mtu anacheza, kisha kaifuta.