Chai ya saa nne na vidonda vya tumbo

Leo chai ya saa nne imenoga kuliko kazi yenyewe. Mhasibu wetu kakataa kachori, eti vidonda vya tumbo vimeamka. Basi kila mtu akageuka daktari. Mmoja kasema juisi ya kabichi, mwingine kasema ni mawazo ya madeni (tukacheka, ila kicheko cha uchungu, mwisho wa mwezi bado mbali), na mzee wa stoo akashikilia ni pilipili tu.

Ndipo kijana wa kompyuta, ambaye hata salamu huitikia kwa kichwa, akatusimulia habari ya Barry Marshall, daktari wa Australia. Mwaka 1984 bwana yule alikunywa bakteria wa Helicobacter pylori kwa hiari yake, kuwaonyesha wenzake waliombishia kwamba ndio wanaoumiza tumbo! Siku chache tu anatapika, mdomo unanuka, kuta za tumbo zimevimba. Mwaka 2005 yeye na mtafiti mwenzake Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel ya tiba.

"Mkewe alijua?" akauliza dada wa mapokezi. Hakumwambia mpaka alipougua. Hapo akina mama wakasahau sayansi kabisa, kesi ikawa ya ndoa.

Kijana akaongeza kuwa dawa za maumivu zikitumika sana nazo huchimba tumbo. Mhasibu akanyamaza. Sote tunaijua droo yake na zile diklofenaki za mgongo. Kesho anakwenda kupima, kaahidi mbele ya mashahidi sita.

Mzee wa stoo? Kala kachori ya mhasibu, na pilipili juu.