Siku ya Mtume Andrea, na nywele zisizochanwa

Saa 11 alfajiri. Naingia zamu, na nyumba nzima ya wazee inanukia kitunguu saumu. Wenzangu wa usiku wamekipaka kwenye kila mlango na dirisha. Huku kijijini, kaskazini mashariki mwa Romania, usiku wa kuamkia Novemba 30 ni usiku wa strigoi, wafu wasiotulia makaburini, ambao kitunguu saumu huwazuia, na inasemekana mbwamwitu huongea kama watu. Mimi ni Mkenya niliyelelewa katika Kanisa la Orthodoksi. Mtume Andrea namjua tangu utotoni, ila habari za vitunguu sikuwahi kuzisikia.

Saa 1. Kuogesha, kubadilisha shuka, kugawa dawa. Tangu 2012 leo ni sikukuu ya kitaifa, lakini asiyeweza kuinuka kitandani anatuhitaji vilevile.

Saa 2. Bibi wa chumba cha mwisho husahau mengi. Kuna asubuhi huniuliza mimi ni nani. Nainua kitana, ananishika mkono. "Leo hapana, mwanangu. Ni siku ya mbwamwitu."

Ananieleza taratibu: kuchana nywele leo, kuazimisha kitu, kutoa takataka nje, ni kumwita mbwamwitu zizini. Kwao walifuga kondoo. Namfunga kitambaa kichwani, nywele zikiwa vilevile. Kwenye daftari naandika "amekataa", kisha nalikata neno hilo na kuandika "ameomba iwe kesho". Takataka za jikoni haziwezi kulala, kwa hiyo nazitoa kwa mlango wa nyuma, asione.

Saa 3. Nasukuma kiti chake cha magurudumu hadi kanisani. Padri anakumbusha mapokeo kwamba Andrea alihubiri Dobrogea, kati ya mto Danube na Bahari Nyeusi, ambako karibu na kijiji cha Ion Corvin lipo pango linaloitwa kwa jina lake. Ndiyo maana ni mtakatifu msimamizi wa Romania. Watu wanaimba "Doamne miluiește", nami naitikia kimoyomoyo "Bwana, hurumia". Machozi yananitoka.

Saa 7 mchana. Mfungo wa Krismasi ulianza Novemba 15, kwa hiyo sarmale za leo, majani ya kabichi chachu yaliyoviringishwa, zina wali na uyoga, hazina nyama. Muuguzi wa zamu amepewa jina la mtume huyu, wazee wote wanamwambia "La mulți ani!", yaani umtakie miaka mingi.

Saa 9. Hii ndiyo saa niliyoingoja. Tunapanda ngano kwenye mabakuli yenye udongo. Inavyoota hadi Mwaka Mpya ndivyo watu wanavyosoma mavuno na baraka za mwenye bakuli. Bibi asiyekumbuka jina langu anatandaza mbegu bila kuelekezwa, anazifunika kwa udongo mwembamba, anakung'uta maji kwa ncha za vidole. Kisha ananitazama: "Na ya mama yako?"

Natafuta bakuli jingine. Ya mama, aliyeko Kenya, tunaipanda pamoja.

Tunaweka pia vijiti vya mti wa cheri kwenye maji, vichanue mwisho wa mwaka.

Saa 11 jioni, giza limeshaingia. Namkabidhi mwenzangu zamu: mabakuli saba dirishani, maji kidogo asubuhi. Chumba cha mwisho, nywele zichanwe kesho. Zianzwe chini, polepole, zina mafundo.