Kiboko huyu, kiboko hiki

Jumamosi jioni binti yangu alirudi nyumbani na jezi inayomfika magotini. Kapewa na mjomba wake, wametoka kuangalia raga pale uwanja wa Dam Waters, na kifuani kuna kichwa cha kiboko kimeachama, meno yote nje. Jezi ya Jinja Hippos, yaani Viboko wa Jinja, timu ya raga ya mji wetu huku Uganda. Nikamwambia haya mama, leo umekuwa kiboko. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Baba, mi sio fimbo."

Ndo nikaelewa kwamba kwake kiboko ni vitu viwili tu. Shuleni ni fimbo, ile ambayo sheria ya 2016 iliikataza mashuleni lakini jina lake bado liko midomoni mwa watoto. Na kwa bibi yake kijijini kiboko ni kahawa, robusta iliyokaushwa na maganda yake, wanunuzi wanapita na baiskeli wakiuliza mama, kiboko ipo? Mnyama mwenyewe anamjua kwa Kiingereza, na kwa Kiganda cha marafiki zake anaitwa envubu. Kwa Kiswahili walikuwa hawajakutana. Nikamwambia basi kwanza tusahihishe, sema kiboko huyu, usiseme kiboko hiki. Hiki ni fimbo. Huyu ana roho.

Akauliza sasa mbona fimbo ina jina la mnyama. Nikamwambia ni kwa sababu ilikatwa kwenye ngozi yake, zamani za wakoloni walikuwa wanakata ngozi ya kiboko mikanda mirefu, wanakausha, halafu wanachapia wapagazi na watu wa mashamba. Babu yangu aliletwa kutoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kukata miwa huku Busoga na neno hilo alikuja nalo mgongoni. Binti yangu alinyamaza kidogo, akashika kile kichwa cha kwenye jezi kama anakipapasa.

"Sasa huyu mwenyewe yuko wapi? Mi nimezaliwa hapahapa Jinja na sijamuona."

Nikamwambia nenda uoge kwanza. Usiku sikulala vizuri.

Mwaka ni 1988, nina miaka 11, tunakaa kota za Walukuba, hapa Jinja. Walioishi Walukuba wanajua, nyumba hii Mjaluo, ile Msamia, ile Mualur, nyuma Mganda, mbele Mteso, na wote tunagombana na kupatana kwa Kiswahili, na ndo maana mpaka leo nikiota naota kwa Kiswahili. Kiwanda cha nguo alichofanya kazi baba kilikuwa kinafungua wiki mbili halafu kinafunga mwezi, mshahara unakuja ukijisikia, kwa hiyo kila mtu alikuwa na kashamba kake kule chini upande wa Ziwa Viktoria kwenda Masese. Sisi tulikuwa na matuta ya viazi vitamu, mihogo kidogo na mahindi mistari sita. Hicho ndo kilikuwa chakula chetu, na dagaa wa mukene mama akipata.

Na kila mwenye shamba kule alikuwa anamjua yeye. Hatukumwita kiboko. Tulimwita Mzee. Mzee kapita jana kwa fulani, Mzee kamaliza mahindi ya mama fulani. Baba alinionyesha njia yake mchana, njia ya kiboko huwezi kuikosea, ni mitaro miwili inaenda sambamba na katikati kuna kamgongo ka nyasi, kama gari dogo lilipita hapo miaka na miaka, kwa sababu miguu ya kushoto inakanyaga huku na ya kulia kule, na anarudia palepale alipopita mama yake na bibi yake. Kwenye matope unakuta alama, vidole vinne. Baba akaniambia hii barabara ilikuwepo kabla ya kiwanda, kabla ya bwawa, kabla ya kota. Sisi ndo tumelima barabarani.

Viazi vilipokaribia kukomaa tukawa tunalinda zamu. Siku hiyo kaka yangu alikuwa na homa, baba akasema twende na wewe. Tulibeba blanketi moja, debe tupu, kijiti cha kulipigia, na tochi ambayo betri zake mama alizianika juani mchana kutwa ili zirudishe nguvu. Baba alirudia neno moja njiani mpaka likanichosha, kwamba kiboko akiwa nchi kavu usisimame kati yake na maji. Akishtuka anakimbilia majini, na chochote kilicho katikati atapita nacho. Nikasema ndio baba, ndio baba, kama unavyosema ndio kwa kitu ambacho unadhani umeshakijua.

Kibanda chetu kilikuwa cha nyasi, mtu mzima hawezi kusimama ndani. Nikaleta zogo kidogo kwamba moshi wa kale kamoto unaniumiza macho, nikavuta blanketi nikalala upande ule mwingine, nje kidogo ya kibanda, kwenye upepo. Baba alikuwa anasinzia, hakuona.

Niliamshwa na sauti. Nimejaribu miaka mingi kuieleza ile sauti, labda hivi, chukua majani ya mahindi mabichi fungu zima uyashike kwa mikono miwili uyararue taratibu. Kiboko hakati nyasi kwa yale meno makubwa, anavuta kwa midomo. Kraaa. Halafu kimya, anatafuna. Halafu kraaa. Hatua hazisikiki kabisa, mnyama mzito kuliko gari na anatembea kama mtu aliyevua viatu. Mwezi ulikuwepo lakini una mawingu, mwanzoni niliona tu kwamba kuna sehemu ya shamba ambayo ni nyeusi kuliko giza, halafu ile sehemu ikatikisa masikio. Masikio madogo, yanazunguka fyuu fyuu, matone ya maji yakaruka yakanipata usoni.

Yanipate mimi usoni. Nadhani alikuwa hatua tano, labda saba, lakini sitaki kuongeza chumvi.

Debe lilikuwa kwa baba. Nikageuza macho tu, shingo ilikataa, nikamuona amekaa mlangoni kwa kibanda, kijiti kiko mkononi kimeinuliwa juu ya debe. Hakupiga. Nikawa nasema moyoni piga baba, piga, ndo kazi tuliyokuja kufanya, kila mtu anapiga debe na Mzee anaondoka, piga. Mkono wake uliganda pale juu. Yule mnyama akaacha kula. Akavuta pumzi, nikasikia harufu yake, siyo mbaya kama watu wanavyofikiri, ni tope na nyasi zilizochachuka na kitu kama joto la ng'ombe, ikanifunika yote. Akasimama. Ananisikiliza au anamsikiliza baba, sijui. Kifua changu kilikuwa kinapiga kelele mpaka nikaona atakisikia.

Ndipo baba akaongea. Hakupaza sauti, aliongea kama anavyoongea na mzee jirani asubuhi kwenye foleni ya bomba. "Pita, Mzee. Pita tu. Kula upite."

Na akala. Baba aliteremsha kile kijiti polepole akakilaza mapajani na tukakaa hivyo, mimi chini ya blanketi na yeye mlangoni, tukimsikiliza anamaliza tuta moja, anahamia la pili, la tatu, majani yote ya viazi, hata mahindi akapitia. Muda gani sijui. Saa moja, saa mbili. Mwishoni aligeuka akazunguka mbali, akashuka kupitia ule mtaro wake, na maji yakasema blupu, basi.

Baba alikuja akanibeba. Nilikuwa mkubwa wa kubebwa lakini alinibeba mpaka ndani ya kibanda na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Kulipokucha tukaona shamba, hakuna la kusimulia, mama atalia. Nilikuwa na hasira, nikamuuliza kwa adabu lakini nikamuuliza, baba, mbona hukupiga debe?

Akanionyesha kwa kidole. Kibanda. Pale blanketi lilipokuwa. Halafu nyuma ya blanketi, ziwa.

"Ulikuwa upande wa maji," akasema.

Hakuniambia kitu kingine na hakunichapa. Miezi mitatu tulikula posho, yaani ugali, na chumvi na sikumsikia hata siku moja akimwambia mama sababu.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Mwaka haukuisha, mvuvi mmoja akaumizwa alfajiri kule ufukweni, kelele zikawa nyingi, watu wenye bunduki wakaja, na asubuhi moja tukakuta umati na panga na mabeseni. Mama alipata fungu lake. Nyama ya kiboko ina mafuta matamu, nasema ukweli, nilikula nikashiba mara ya kwanza tangu viazi viishe. Baba alisema ameshiba, akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Ngozi sijui nani aliichukua. Kama alikuwa ni yuleyule wa usiku ule sina njia ya kujua, wote walikuwa wanaitwa Mzee.

Ndo maana swali la mtoto limenikaa. Kuna wanaosema hizi picha za wanyama kwenye timu ni mapambo tu, mtu anachagua anayetisha. Na nyingine kweli ni hivyo, timu ya mpira ya Wakiso Giants wanaitwa Papa wa Zambarau, na mimi nimekaa ziwa hili maisha yangu yote, papa hayupo. Villa, timu nyingine ya mpira, ni Jogoo, na jogoo yuko kila ua. Kampala yenyewe imepewa jina na swala pala, kasozi k'empala, kilima walipokuwa wakilisha swala wa kabaka, mfalme wa Buganda, kabla Mwingereza Lugard hajaja kujenga ngome yake pale 1890, na bado timu ya raga iliyochukua jina la Impala iko Nairobi. Lakini kiboko wa Jinja hakuokotwa njiani. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alipofika hapa Julai 1862 akakuta maporomoko ya mto Nile ambayo wenyeji waliyaita Mawe tu, na ndo maana ya Jinja hadi leo, na kati ya vitu alivyoviandika ni samaki wanaoruka, na viboko na mamba waliolala juu ya maji kama wenye usingizi. Uwanja wa gofu wa hapa ulikuwa na kanuni yake mwenyewe, mpira ukiingia kwenye nyayo ya kiboko unautoa kwa mkono bila kuhesabiwa. Mji unaoandika kanuni kwa ajili ya nyayo za mnyama ni mji uliokaa naye kwelikweli. Kwa hiyo wale vijana wa raga wako sawa, kifua chao kinasema kweli.

Ninachojiuliza ni kweli ipi. Bwawa la umeme la Owen Falls lilipofunguliwa 1954, malkia wa Uingereza akiwepo, yale maporomoko yalishazama. Halafu viwanda, halafu kota, halafu viazi vyetu sisi. Naangalia jezi naona mdomo umeachama, na kiboko akiachama hivyo anatisha, wachoraji hawakukosea. Lakini mimi niliyemuona alikuwa amefumba mdomo, anatafuna, anasikiliza mtu akimwomba kwa heshima. Huyo sijui unamchoraje. Na sijui kama timu inavaa kumbukumbu yake au inavaa ngozi yake, samahani kama neno ni kali, nimelitafuta lingine sijalipata.

Jana Jumapili baada ya kanisa nikampeleka. Akang'ang'ania kuvaa ileile jezi juu ya gauni. Tulishuka na boda mpaka mwisho wa lami halafu kwa miguu. Shamba letu siku hizi ni nyumba za matofali, mtu kaweka na geti jekundu. Mtaro nikautafuta, pale ninapodhani ulipita kuna bomba la maji machafu. Nikamwonyesha hivyohivyo, nikamwambia kibanda kilikuwa hapa, babu yako alikaa hapa, mimi nililala pale. Alisikiliza yote, akauliza kama nilijikojolea, nikamwambia ndio. Akauliza kama viazi viliota tena. Nikasema majani yaliota, viazi vilikuwa vidogo.

Halafu akakimbia akasimama ukingoni, mgongo kwa ziwa, ule mdomo wa kwenye jezi unanitazama, akaniambia baba nipige picha. Nikatoa simu. Nikaishika muda. Halafu nikairudisha mfukoni, nikaenda nikamshika mkono, nikamleta upande wa juu.

"Baba, mbona? Hakuna kitu."

"Najua," nikamwambia. "Simama hapa."